Mizani ya Jikoni

Mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga,
leo inapima hema:
kilo mbili na gramu mia tatu, pamoja na vigingi.

Nimeuza mahema Tromsø miaka kumi na tisa.
Najua lipi linasimama kwenye upepo
na lipi linasimama kwenye picha tu.
Nimewaambia wateja: pamba ikilowa haina rafiki,
vaeni sufu;
kiatu kizuri ni kile kinachokuacha
uchezeshe vidole, si kile kinachokupendeza.
Waliniamini, walilipa.
Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili yao.

Sasa nafunga mzigo wa Ylva.
Ana miaka tisa, na kongosho lake
liliacha kazi Novemba
bila barua wala notisi.

Naanza upya, kama mgeni wa duka langu mwenyewe.
Godoro liwe nene, vidole vinne,
maana baridi haishuki tu,
baridi inapanda, inamla mtu mgongo akiwa amelala.
Jiko liwe la mafuta; gesi huku hugoma kama mtumishi wa serikali.
Soksi jozi tatu, na jozi moja ya kulalia
isiyokanyaga theluji hata kwa dharura.
Insulini haikai mkobani.
Ikiganda, ni maji tu yenye bei.
Nimeishonea kifuko cha flaneli cha kuning'inia shingoni,
kati ya fulana na ngozi.
“Kitu cha muhimu,” namwambia, “kinalala na mtu.”

Ragnfrid amesimama mlangoni, hasemi.
Anahesabu sindano kwa macho,
kisha anazihesabu tena.

“Na hii,” anasema Ylva,
anatupa juu ya mizani ngozi ya kondoo ya bibi yake,
nondo wameila upande mmoja.
Kilo moja na nusu!
“Nzito,” nasema. “Godoro tunalo.”
Anaitazama mizani
kama anavyomtazama daktari.
“Hiyo inajua unga tu.”

Basi nikaibeba mimi.

Uwanda wa Finnmark, mwisho wa Machi,
digrii ishirini chini ya sifuri,
na kimya kinachosikika hadi kwenye meno.
Tulikula uji wa shayiri na samaki mkavu.
Nilijisifu, kimoyomoyo, kwa kila kamba niliyoikaza.

Saa nane usiku akanigusa bega.
“Baba, miguu yangu ni ya mtu mwingine.”
Jasho kwenye paji, katika baridi ile.
Nikawasha taa ya kichwani, nikashika kipimo:
kikaandika kwamba kimepoa, kikazima.
Nikanyoosha mkono kwa pakiti ya juisi
niliyoiweka kando ya mlango, mahali pa busara,
mahali ninapowaonyesha wateja.
Jiwe.
Jiwe la machungwa, lenye mrija ubavuni.
Miaka kumi na tisa dukani,
na nimepiga magoti nikilipumulia jiwe.

Ylva akajigeuza juu ya ile ngozi,
akaingiza mkono pale nondo walipotoboa,
akatoa kisanduku cha zabibu kavu,
vuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi.
“Nimezilalia,” akasema, anatafuna.
“Si ulisema.”

Tukangoja robo saa.
Kipimo kilikuwa kwapani mwangu, kinauma kama barafu,
naye alikuwa ananihadithia, kwa ulimi mzito,
habari za mbwa wa jirani aliyekula glavu.
Halafu tarakimu ikatokea: tano nukta moja.
Akalala kabla sijaisoma kwa sauti.
Mimi sikulala. Nilisikiliza pumzi yake
ikigonga kitambaa cha hema na kuwa umande.

Jumatatu, dukani, kijana mmoja mwenye ndevu mpya
akataka hema jepesi kuliko yote.
Nikamuuliza: unalala na nani humo,
na saa nane usiku atahitaji nini?
Akanitazama kama nimelewa.
Nikampeleka kwanza kwenye rafu ya magodoro.